Blanketi Mbili, Neti Hakuna

Mwezi wa kumi mwaka 2018 mama alinifungashia begi la kwenda chuo. Alianza na blanketi mbili nzito, zile za manyoya zenye picha ya simba, akaongeza sweta, soksi za sufu, kopo kubwa la mafuta ya mgando, unga wa ulezi kilo mbili na njegere kavu. Begi likagoma kufunga. Baba akalikalia, mama akavuta zipu, likakubali. Chandarua hakikuwamo na hakuna aliyekikumbuka, kwa sababu nyumbani kwetu hakijawahi kutundikwa.

Natoka Makete, mkoa wa Njombe. Sehemu kubwa ya wilaya yetu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba unaweza kuamka ukakuta nyasi nyeupe kwa barafu. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae, na kwetu joto hilo ni la kutafuta. Malaria niliisoma kwenye somo la Biolojia, nikachora mzunguko wake na mishale, nikapata alama zangu, basi. Mtu akiugua malaria kijijini swali la kwanza huwa, "Alisafiri kwenda wapi?"

Nilichokuja kukijua nimeshaumia ni kwamba waliokulia Dar, Tanga au Lindi wameumwa umwa tangu wakiwa wadogo na miili yao imezoea kupambana kiasi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, lakini mbele ya ugonjwa ule mwili wangu ulikuwa mgeni kabisa.

Basi letu lilitoka Njombe alfajiri. Makambako baridi, Mafinga baridi, Iringa nikanywa chai. Tuliposhuka mteremko wa Kitonga nikahisi kama mtu amefungua mlango wa jiko. Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu dirishani, nikavua sweta. Mikumi nikavua soksi. Tulipofika Ubungo, giza limeshaingia, nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima na blanketi za simba ziko mapajani, maana kwenye buti zilikosa nafasi. Konda akaniangalia akacheka: "Dada, umekuja kuuza?"

Wiki ya kwanza chuoni ni ya foleni. Foleni ya kusajiliwa, ya kitambulisho, ya chumba, ya kusaini bumu, na asiyelijua bumu ni ile fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo. Kulikuwa na foleni ya bima ya afya pia. Bima nilikuwa nimeshailipia pamoja na ada, shilingi 50,400 kwa mwaka. Kilichobaki kilikuwa kujaza fomu, kubandika picha na kuikabidhi ili kadi itengenezwe. Nilisimama kwenye ile foleni dakika kama arobaini, jua la saa saba kichwani, nikaona watu wa mbele hawasogei. Nikajiambia siumwi, nitarudi kesho. Kesho ile ilikuja kufika mwezi wa kwanza.

Chumba nilikosa. Majina ya hosteli yalipobandikwa langu halikuwapo, na kupanga mtaani sikuwa na uwezo. Binti mmoja wa Mafinga tuliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi akaniambia, "Njoo nikubebe." Kubebana ni lugha yetu ya chuo. Mwenye kitanda anamlaza asiye na kitanda, kimya kimya, msimamizi asijue. Chumba kile kilipangiwa wanne, na usiku tulikuwa saba. Mimi na mwenyeji wangu tulilala kitanda cha juu cha futi mbili na nusu, kichwa changu kwenye miguu yake. Neti yake ilikuwa ya mtu mmoja. Ukiichomeka upande wake, upande wangu unabaki wazi, na hata ikichomekwa kote, mkono wangu au goti lilikuwa limeigusa usiku kucha. Mbu hahitaji nafasi zaidi ya hiyo.

Sikulalamika. Utaanzaje kumlalamikia mtu aliyekupa nusu ya kitanda chake? Ningeweza kununua neti nyingine ya duara, kubwa, tukaning'iniza darini ikatosha wote wawili. Wakati ule ilikuwa kama shilingi elfu kumi na mbili. Nilikuwa nayo. Niliinunulia kava la simu.

Hapo inabidi niseme habari ya bumu, kwa sababu afya yangu ya mwaka wa kwanza iliharibikia kwenye mahesabu kabla ya kuharibikia kwenye damu. Mwaka ule fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na inaingizwa kwa mkupuo wa siku sitini. Mimi nilipangiwa asilimia mia, kwa hiyo siku moja nikaamka nina 510,000. Sikuwahi kushika hela kama ile. Baba yangu anauza viazi kwa lumbesa, na mwaka mbaya hiyo ndiyo faida yake ya msimu mzima.

Nikatuma nyumbani 150,000 ya ada ya mdogo wangu. Hiyo sijutii. Nikanunua simu ya 220,000. Hiyo najutia nusu, maana masomo yenyewe yalikuwa yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp na bila simu ningekuwa kipofu, lakini ya laki moja ingefanya kazi ile ile. Zikabaki 140,000 za siku sitini. Gawanya mwenyewe: shilingi 2,333 kwa siku, kabla sijatoa nauli, fotokopi na pedi. Wali maharage kwa mama ntilie ulikuwa 1,500.

Nikaanza kupiga pasi ndefu. Unaruka kifungua kinywa, unaruka cha mchana, unakula mara moja saa kumi jioni, chakula kimoja kinachofanya kazi ya vitatu. Chuo kizima kinalicheka neno hilo na kila mtu analisema kwa utani. "Vipi, umekula?" "Aa, leo pasi ndefu." Mnacheka, mnaingia lekcha. Tulilichekea kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake inakuwaje.

Inakuwa hivi. Wiki ya kwanza unajiona shujaa. Wiki ya pili, ikifika saa sita mchana, mhadhiri anaongea na wewe unaona midomo yake tu. Saa kumi unakula haraka haraka, mara nyingi chipsi mayai kwa sababu zinajaza, halafu usingizi unakuzidi nguvu saa kumi na mbili, unaamka saa nne usiku, unakunywa kinywaji cha kuchangamsha ili usome. Asubuhi tumbo linawaka moto. Unarudi mwanzo.

Mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya kutoka kanisani. "Kamwene, mwanangu. Unakula?" Nami najibu, "Nakula, mama, niko poa." Hakuna Jumapili niliyosema kweli. Nikimwambia sili, atauza kitu. Nikimwambia nalala kitanda cha mtu, hatalala yeye. Niliona nawalinda.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja kichwa kilianza kuuma na viungo vikalegea. Nikadhani ni joto. Mgeni wa Dar kila kitu anadhani ni joto, na mara nyingi yuko sahihi: harara zilinijaa shingoni mpaka nikaacha kupaka yale mafuta ya mgando ya mama, ambayo Makete ni dawa na Dar ni adhabu. Lakini siku ya tatu nilitetemeka kwenye lekcha ya saa nane mchana, jua linawaka, wenzangu wanajipepea kwa daftari. Jirani yangu, kijana wa Muheza kule Tanga, akaniwekea kiganja shingoni akasema neno moja: "Malaria." Watu wa Muheza hawahitaji maabara.

Zahanati ya chuo walinipokea bila kadi siku ile, nikalipia kipimo tu. Muuguzi akanichoma kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo cha haraka, mistari miwili ikajitokeza. Akanipa dawa ya mseto, vidonge ishirini na vinne vyenye picha nzuri kwenye paketi: vinne sasa hivi, vinne baada ya masaa manane, kisha vinne asubuhi na vinne usiku mpaka viishe. Akaniangalia machoni. "Kula kwanza. Kitu chenye mafuta mafuta, au kunywa maziwa. Hii dawa bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Na ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi hapa uniambie. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Mfukoni nilikuwa na shilingi mia sita na bumu la pili halijatoka. Nikanywa vile vinne kwa chai ya rangi tumbo likiwa tupu, na haikupita nusu saa nikavitapika nyuma ya bweni. Sikurudi kumwambia. Niliona aibu kuulizwa, "Ulikula nini?"

Dozi zilizofuata zilikaa. Siku ya pili jioni nilikuwa najisikia vizuri mno. Homa imekata, hamu ya kula imerudi, na kulikuwa na kazi ya kikundi ya kuwasilisha. Nikaviacha vidonge nane kwenye paketi. Niliviweka akiba! Akiba ya nini, sijui, labda ya malaria nyingine. Baadaye dada mmoja wa chumba cha jirani akaumwa kichwa, nikampa vinne kwa roho safi kabisa. Hakuwa amepima. Nawasimulia hili nikiwa nacheka lakini nilifanya makosa mawili kwa mkono mmoja, maana yeye alimeza dawa ya ugonjwa ambao huenda hakuwa nao, na mimi nilikuwa nimewaacha wadudu waliobaki ndani yangu wakinenepa.

Walirudi baada ya wiki tatu, usiku, siku mbili kabla ya testi ya kwanza. Nilianza kutetemeka saa tano. Kitanda cha juu kilikuwa kinagonga ukuta, waliolala chini wakaamka wakidhani kuna tetemeko la ardhi. Mwenyeji wangu akafungua begi langu, akatoa blanketi za mama, moja baada ya nyingine, akanifunika. Dar es Salaam, mwezi wa kumi na mbili, feni iko namba ya mwisho, na mimi niko chini ya simba wawili nalia baridi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo zile blanketi zilifanya mwaka ule.

Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa. Nilianza kuongea maneno yasiyounganika, kwa Kikinga, lugha ya kwetu Makete, na hakuna Mkinga mwingine mle chumbani. Walinishusha kitandani wanne, wakaita bajaji, elfu tano ya usiku. Hospitali waliyonipeleka walitaka kadi. "Ana bima?" "Ameshalipia, lakini kadi hajachukua." Mwenyeji wangu kadi yake ilikuwa imetoka wiki mbili nyuma, yeye na wote waliovumilia lile jua la saa saba. Kwangu ikawa fedha taslimu. Si-aa wetu, yaani mwakilishi wa darasa, akaandika kwenye kundi la darasa saa nane usiku, na asubuhi kulikuwa na mchango wa laki moja na kitu, wengine wametuma mia tano, wengine elfu moja. Nawajua waliotuma mia tano. Ilikuwa ndiyo chai yao.

Nilichomwa sindano ya mshipa usiku ule, nyingine baada ya masaa kumi na mawili, ya tatu siku iliyofuata, na nilipoweza kumeza nikaanzishiwa dawa ya mseto upya. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alisoma maelezo yangu akauliza swali moja tu, kwa upole uliouma kuliko ukali:

"Vile nane viko wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia mtu wa kutoka nyanda za baridi akipata homa Dar asisubiri siku ya pili, apime siku ile ile, na akipewa dozi aimalize hata kama anajisikia kucheza mpira. Halafu akavuta kope langu la chini akatazama. "Na huli." Hakuuliza. Alisema tu.

Jumapili mama akapiga. Simu ilikuwa kwa mwenyeji wangu, akapokea akasema, "Shikamoo mama, dada amelala, nitamwambia." Sauti ilimsaliti. Mama hakusema kitu, akakata, na dakika tano baadaye akapiga baba, ambaye huwa hapigi. Binti wa watu akaeleza yote. Wiki ile baba aliuza mipaini yake ishirini ambayo ilikuwa bado miaka kadhaa kukomaa, kwa bei ambayo mpaka leo hajanitajia, akatuma laki mbili na nusu ili wenzangu warudishiwe hela zao. Niliyekuwa nawalinda, niliwalinda mpaka wakauza miti michanga.

Nimewaza sana juu ya hilo. Watu walinionya juu ya Dar: wezi, wanaume, starehe, mambo ya mjini. Hakuna hata kimoja kilichonifikia. Kilichonilaza hospitali kilikuwa aibu. Niliona aibu kusema nina njaa, nikaona aibu ya kumwambia muuguzi nimetapika, na hata kununua neti niliogopa, kwamba mwenyeji ataona namwambia neti yake haifai.

Nilipotoka hospitali jambo la kwanza lilikuwa ile foleni. Mwezi wa kwanza haikuwa foleni tena, kulikuwa na mtu mmoja mbele yangu. Fomu ilinichukua dakika kumi.

La pili likawa neti, ya duara. Tuliifunga kamba kwenye msumari wa dari, ikashuka kama hema juu ya kitanda, pindo zikaenda chini ya godoro pande zote. Usiku wa kwanza mwenyeji wangu aliniambia, "Kumbe ulikuwa na akili." Tukaishi vizuri mpaka walipokuja kunguni.

Sijui kama kuna mtu amewahi kuandika ukweli kuhusu kunguni wa hosteli. Hawaleti malaria, wala huhitaji hospitali kwa ajili yao, lakini wanakunyima usingizi, na mwanafunzi aliyekosa usingizi hana tofauti na mgonjwa. Mwanzo unaona vipele vitatu vimejipanga mstari mkononi, unasingizia mbu. Kisha unaona madoa ya damu kwenye shuka. Kila mtu anamshuku mwenzake, hasa anamshuku mbebwaji, maana ndiye aliyekuja na begi la nje. Nilitazamwa sana wiki ile. Zile blanketi zangu zilikaguliwa kama mzigo wa forodhani, zikakutwa safi, nikapumua.

Tulipulizia dawa ya dukani mara mbili kila mtu kitanda chake kwa wakati wake, ikawa kazi bure, kwa sababu ukipulizia kwako wanahamia kwa jirani na dawa ikipungua wanarudi. Kilichosaidia ni siku moja, Jumamosi, tulipokubaliana chumba kizima. Magodoro yote juani tangu asubuhi mpaka jioni, nguo na shuka kwenye maji ya moto, vitanda vya chuma vikafunguliwa na kumwagiwa maji yanayochemka kwenye kila kiungo na kila tundu la bomba, kisha tukarudia baada ya siku kumi kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa. Maji tulichemsha kwa hita ambayo kwa sheria za bweni hatukupaswa kuwa nayo. Naomba msamaha kwa msimamizi, popote alipo.

Muhula wa pili nikapata somo lingine, la wasichana, na nitalisema kwa kifupi kwa sababu najua wapo wanaolihitaji. Vyoo vya madarasani vilikuwa havina maji siku nyingi. Mimi na rafiki zangu tukajifunza njia yetu: usinywe maji asubuhi, hutahitaji choo mpaka urudi bweni saa kumi. Kwenye joto la mwezi wa pili, jasho linatoka tangu saa mbili, na sisi hatunywi. Matokeo yake mkojo ukaanza kuunguza. Rafiki akanipa vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kwenye dozi yake. Nilivitazama, nikakumbuka vile nane, nikamrudishia. Nikaenda zahanati na kadi yangu mpya, nikapima mkojo, nikapewa dawa yangu ya siku zangu, nikamaliza. Tangu siku ile natembea na chupa ya maji ya lita moja na nusu, na nikikuta choo hakina maji natumia kachupa kengine ka akiba. Inachosha kubeba. Kuunguza kunachosha zaidi.

Mwezi wa tano mwaka ule wa 2019 dengue ilikuwa imeshika jiji. Kijana yule yule wa Muheza, bingwa wa malaria, akaumwa macho kwa ndani na mifupa yote, akajitangazia malaria, akaanza kutafuta dawa za maumivu dukani. Kipimo cha malaria kikasema hana. Alibahatika kukutana na mfamasia mwaminifu aliyekataa kumuuzia diklofenaki na aspirini, akamwambia kama ni dengue dawa hizo zinaweza kumletea kutokwa damu, atumie parasetamo na maji mengi na aende hospitali. Alikaa kitandani wiki nzima. Mbu wa dengue anauma mchana, kwa hiyo neti yangu nzuri ya duara haikuwa na la kusema hapo. Tulizunguka bweni tukimwaga maji kwenye makopo na matairi nyuma ya kantini. Kijana amepona, na siku hizi hatabiri tena.

Njaa ilichukua muda mrefu zaidi kuponya kuliko vyote. Mwaka wa pili tulihama, wasichana wanne, tukapanga geto Kimara, vyumba viwili na uwani pa kupikia. Siku bumu linapoingia, kabla mtu hajafungua duka lolote mtandaoni, kila mwenye mkopo alimtumia mweka hazina wetu 60,000, yaani elfu moja kwa siku kwa siku sitini. Elfu tatu na kitu za siku, kwa watu wanne, zilitosha kushangaza. Maharage tulichemsha sufuria kubwa Jumapili na Jumatano, dagaa tulinunua kwa kilo, mchicha na matembele fungu mia mbili, ndizi mbivu, na mayai siku za mtihani. Mtungi mdogo wa gesi tulichangia. Ulezi wa mama ukawa uji wa asubuhi. Hakuna chakula cha maana zaidi ya hapo, na kulikuwa na siku ugomvi ulitokea kwa sababu ya nani ameunguza maharage, lakini pasi ndefu iliisha. Na sijui kama ni uji au ni nini, ila sapu, yaani mtihani wa kurudia, niliyokuwa nayo mwaka wa kwanza ilikuwa ya kwanza na ya mwisho.

Wanaopata asilimia ndogo ya mkopo, au wasiopata kabisa, najua wataniambia elfu moja yenyewe inatoka wapi. Sina jibu la kujidai. Geto letu lilikuwa na mmoja ambaye hakuwa na mkopo. Yeye alipika zaidi na kuchangia kidogo, na tulikubaliana hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza ili asije akala kwa woga. Alituambia mwenyewe kwamba hana. Sijui alipata wapi ujasiri ule.

Leo nafundisha jiografia sekondari. Mwezi wa kumi uliopita mdogo wangu, yule wa ada ya 150,000, amekwenda kuanza chuo Dodoma. Nilikwenda nyumbani kumfungasha. Mama alikuwa ameshaanza: blanketi mbili, zile zile za simba. Nikafungua mdomo nizitoe, nikakumbuka Dodoma ya mwezi wa saba na upepo wake wa usiku, nikaiacha moja. Nikaongeza neti, chupa ya maji, picha ndogo nane za fomu, na nikamwapisha mbele ya baba kwamba hataondoka kwenye foleni ya bima hata ikimkuta magharibi. Kwenye fomu hakunidanganya, alinitumia picha ya risiti siku ile ile.

Kwenye chakula ndiko simwamini. Kila Jumapili namwuliza, "Unakula?" naye anajibu, "Nakula, dada, niko poa," kwa sauti ninayoijua vizuri mno. Kwa hiyo tumewekeana utaratibu: ananitumia picha ya sahani. Juzi ilikuja ya wali, maharage, kabichi na kipande cha parachichi. Nikaikuza kwa vidole. Pembeni kulikuwa na kijiko cha pili.

"Hicho kijiko cha nani?"

Akakaa kimya dakika mbili nzima, naona tu anaandika na kufuta.

"Kuna jamaa wa Kigoma namBEBA," akaandika, herufi zimemchanganya kwa haraka. "Alikosa chumba. Usimwambie mama."

"Neti inawatosha?"

"Inabana kidogo, dada."

Nikamtumia elfu kumi na tano, nikamwandikia anunue ya duara, na kwamba kesho anitumie picha ikiwa imeshafungwa darini, na huyo jamaa wa Kigoma aseme kama ameshajaza fomu.